Tiketi Mbili kwa Jina la Mama Mkwe

Walionisoma wiki iliyopita waliniacha Lubumbashi, kwenye kituo cha mabasi, nina tiketi ya bure ya kwenda na sina ya kurudi. Nilirudi, aksanti kwa kuuliza. Nilirudi juu ya lori la makaa, mweusi kama mzigo wenyewe, nikakuta geti nililoahidi kulichomelea limeshapewa fundi mwingine.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni Guelord Kitenge, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, huku Kasulo, Kolwezi. Majirani zangu walichimba kobalti chini ya nyumba zao mpaka nyumba zikainama. Mimi ndiye ninayewawekea vyuma madirishani, mwizi asiingie kwenye nyumba ambayo inaondoka yenyewe. Kazi ipo, sikatai.

Ugonjwa wangu ni tombola za Facebook, zile bahati nasibu za bure. Hainipiti hata moja. Wakisema taja marafiki watano, nataja ishirini. Na balaa lenyewe ni kwamba huwa nashinda. Nimeshinda mifuko mitatu ya chakula cha mbwa, mbwa sina. Nimeshinda kusukwa nywele bure mwaka mzima, na mimi ni kipara.

Hayo yote mliyacheka, na mlikuwa na haki. Hili la leo sijui kama mtacheka, maana humu ndani yumo Charlotte.

Charlotte ni mchumba wangu. Nilikuwa nimeshapeleka pré-dot, ule mzigo wa kwanza wa posa: vitenge viwili na taa moja ya sola. Kwao walipokea. Kilichobaki ilikuwa siku ya posa kubwa, na mimi nilihesabu nimeshaoa.

Wiki ya Pasaka simu ya Charlotte ilitumbukia kisimani.

"Utakuwa unaniandikia ku simu ya mama," akaniambia. "Facebook yake iko wazi."

Facebook hiyo ilikuwa na jina Laurentine Ndaya, na picha ya mama yake amevaa sare ya wamama wa kanisa. Sikujali. Huku kwetu simu moja ni ya nyumba nzima, hakuna anayeuliza jina gani liko juu. Kwenye simu yangu nililificha lile jina, nikaweka "Malkia".

Siku mbili baadaye Charlotte alisafiri Tenke, kumsaidia dada yake Noëlla aliyekuwa amejifungua. Mimi nikajua amekwenda na simu ya mama. Sikuuliza. Nikaandika tu: "Moyo wangu, umefika salama?"

Kukapita saa nzima. Halafu jibu likaja: "Nilifika."

Tangu hapo tukaandikiana kila siku, miezi miwili. Jamani, nisiwafiche, sijawahi kupendwa vile. Nilipokuwa nimekwama Lubumbashi, ni Malkia aliyeniuliza kama nimekula. Nilipopoteza lile geti, ni Malkia aliyeniambia nisimtukane yule fundi mwingine, eti naye ana watoto. Nikiungua na moto wa kazi, ananiuliza nimepaka nini. Nilikuwa nafungua karakana asubuhi huku nacheka peke yangu.

Siku moja akaandika hivi, na ninanukuu neno kwa neno ("paka" ya huku kwetu maana yake ni "tu"): "Ukinioa, ukuwe unaniuliza siku yangu ilipita namna gani. Paka ile tu. Ni miaka hakuna mutu ananiuliza."

Charlotte ana miaka ishirini na miwili. Mwenye akili angesimama hapo, ajiulize ni miaka ipi hiyo. Mimi nilifuta machozi, nikaanza kumuuliza kila jioni. Na yeye akawa ananijibu: maharagwe yamekataa kuiva, paa la jikoni linavuja, goti linauma kwa ajili ya baridi.

Goti! Binti wa miaka ishirini na miwili! Nikampa pole ya goti.

Siku nyingine akaandika: "Ule Fédé Lisolo, mi sijamuonaka na macho. Paka nyimbo zake." Fédé Lisolo ni mzee wa rumba, aliwika zamani wazazi wetu walipokuwa wanachumbiana. Nilishangaa kidogo. Nikasema, kumbe mchumba wangu anapenda vitu vya heshima.

Wiki hiyohiyo, tangazo: Fédé Lisolo anakuja Kolwezi, Jumapili mchana, uwanjani. Na ukurasa mmoja wa Facebook unaoitwa Kolwezi Furaha ukatoa tombola ya wapendanao. Andika mapenzi yamekufundisha nini, mtaje mpenzi wako. Atakayepata mioyo mingi anachukua tiketi mbili za mbele kabisa, tena za kukaa kwenye kochi la watu wawili, zawadi ya muuza makochi.

Mikono yangu ilianza kuwasha, si mnanijua.

Niliandika: "Mapenzi yamenifundisha kumuuliza siku yake ilipita namna gani, na kungoja jibu." Nikamtaja Malkia wangu. Facebook haijui Malkia, ikaweka Laurentine Ndaya. Nikasema si kitu, majina tutayasahihisha nikishinda.

Jumatano, saa nne asubuhi, nikiwa na kinyago cha kuchomelea usoni, Gael akaingia mbio. Gael anatengeneza simu kwenye kibanda cha jirani.

"Guelord! Zima ile moto! Umeshinda!"

"Kama ni mbwa, mulete. Chakula yake iko."

"Tiketi za Fédé Lisolo! Mioyo elfu tatu!"

Nilimkumbatia Gael mpaka tukaangusha mlango wa mteja. Nilicheza palepale na kinyago kichwani. Kisha nikaona kwamba Gael hachezi.

"Yaya," akasema taratibu, yaani kaka, "ni heri uangalie wewe mwenyewe."

Nikaangalia. Tangazo lilikuwa na maua, na mioyo myekundu, na picha mbili kando kwa kando. Moja yangu. Nyingine Mama Laurentine na sare yake ya kanisa. Chini yake, kwa maandishi makubwa: COUPLE YA MOTO, GUELORD NA LAURENTINE. KOCHI LINAWANGOJEA.

"Ule ni bukwe yako," Gael akasema.

"Minajua ni bukwe yangu!"

"Na kochi ni moja."

Asiye wa huku huenda haoni tatizo. Bukwe ni mkwe, na mama bukwe haguswi hata kwa macho. Sikai naye benchi moja. Sili mbele yake. Akipita njiani mimi nashuka pembeni, na jina lake silitamki, naye langu halitamki. Nikifika kwao, hanisemeshi mimi. Anasemesha kitu. "Mbabula," anaiambia ile mbabula, jiko la makaa, "uambie batu bakaribie, chai iko." Nami naijibu mbabula, aksanti mama. Mwaka mzima nimeposa nyumba ile sijawahi kuuona uso wa Mama Laurentine, isipokuwa kwenye hiyo picha ya Facebook.

Na sasa Kolwezi nzima imeambiwa tunakwenda kukaa kochi moja, kucheza rumba.

Nilikimbia mpaka kwa Philippe, mwenye ukurasa wa Kolwezi Furaha, anayechapisha mabango karibu na soko.

"Ondoa!" nikamwambia hata salamu sijatoa. "Ile tangazo, ondoa sasa hivi!"

"Ah, le gagnant!" Philippe akamfurahia mshindi wake. "Mama eko wapi?"

"Si mpenzi wangu! Ni mama ya mpenzi wangu!"

Philippe alinitazama, akaangalia mlango, akapunguza sauti. "Bwana, mi sihukumu mutu."

"Philippe, sikiliza. Mchumba wangu ni Charlotte. Facebook ni ya mama yake."

"Basi tiketi itatoka kwa Laurentine. Ile jina batu balipigia mioyo ni Laurentine, si Charlotte. Nikibadilisha, batasema nimeiba." Akanionyesha karatasi ya masharti. "Jumamosi, mbele ya saa kumi na moja, mufike bote wawili na kadi ya mpiga kura. Mwenye makochi anataka picha, mumekaa."

"Ondoa basi. Sitaki tena tiketi."

"Kuondoa iko nguvu kidogo."

"Nguvu namna gani?"

Akanyoosha kidole dirishani. Vijana wake wawili walikuwa juu ya ngazi pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, wanafunga bango la mita nne. Mimi na mama mkwe wangu tulikuwa tunapepea juu ya malori yote yanayoelekea Fungurume.

Na Fungurume ndiko anakofanya kazi Tata Mukalay, mume wa Mama Laurentine, baba yake Charlotte. Anaendesha mtambo kwenye kampuni ya shaba. Siku ishirini kambini, siku kumi nyumbani, ndiyo maisha yake tangu Charlotte hajazaliwa.

Nilikuja kuambiwa ilivyokuwa. Mchana ule, kwenye chumba cha kulia cha kambi, mtu alipitisha simu mezani. Wenzake wakasimama wakampigia makofi ya utani, wakidhani Laurentine wa bango na mkewe wamefanana jina tu. Tata Mukalay alimrudishia mwenyewe simu yake. Alimaliza ugali wake wote.

Charlotte alirudi kutoka Tenke kesho yake, Alhamisi. Alikuja karakana moja kwa moja, na begi lake begani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimeshapiga magoti, kusema kweli.

"Charlotte, ile bango, nitakueleza..."

"Bango nimeionea Tenke. Beko nayo mu masimu yote," akasema. "Si ile inanileta."

"Basi inakuleta nini?"

"Miezi mbili, Guelord." Macho yake yalikuwa mekundu. "Miezi mbili hukuniuliza ata kama nilifika."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa furaha, nikajua ni mchezo.

"Tunaandikiana kila siku!"

"Weye na nani?"

"Na weye! Ku simu ya mama!"

"Simu ya mama ilibaki na mama."

Nilikuwa nimeinuka, nikakaa. Nilikalia chuma nilichotoka kukichomelea dakika ile, na suruali yangu ikajua kabla yangu. Hata hivyo sikupiga kelele. Nilimpa simu.

Alisoma amesimama. Alisoma muda mrefu, anapandisha kwa kidole. Akafika penye maharagwe, akafika penye paa.

"Ile paa yenye kuvuja ni ya jikoni yetu," akasema. "Na goti ni ya mama."

"Sasa juu ya nini hakuniambia ni ye?"

"Akuambie namna gani? Umemuandikia moyo wangu, umefika salama. Bukwe! Ungekuwa ye, ungejibu nini? Akuandikie, samahani, hapa ni mama mukwe wako, ule moyo wako iko Tenke?" Alitaka kucheka akashindwa. "Alijibu nilifika, aibu iishe. Kisha ukaandika tena."

"Na weye juu ya nini hukunipigia?"

"Nilikupigia na simu ya Noëlla mara tatu! Hukushika!"

Ni kweli. Namba nisiyoijua siishiki. Nawaogopa matapeli, wale wanaokupigia kukuambia umeshinda.

Charlotte alirudisha macho kwenye simu. Alifika penye ule ujumbe wa kuulizwa siku yako ilipita namna gani. Akausoma mara mbili. Chini yake yalifuata maswali yangu ya kila jioni, arobaini na kitu.

"Mi hukuniulizaka vile," akasema.

"Charlotte..."

"Apana, sema kweli. Mwaka muzima. Mi ulikuwa unaniuliza paka kama nimeona ile tombola, kama nimeweka moyo, kama batu ba kwetu nabo baweke."

Hapo ndipo ninapoungama, wasomaji. Alikuwa anasema kweli. Mwanamke aliyenifundisha kupenda alikuwa mama yake, na somo lote lilimpita yeye pembeni. Nilimpenda Charlotte, nampenda. Lakini maneno yangu mazuri yote nilikuwa nimeyapeleka nyumba moja, chumba kingine. Niliona aibu ambayo hata bango halikunipa.

"Baba anarudi Jumamosi," akasema, ananirudishia simu. "Ukisema ni mama aliandika, mama amekwisha pale nyumbani. Na usiposema, baba atasema we ulikuwa unamtaka mama, na shiye tumekwisha."

"Sasa nifanye nini?"

"Unaniuliza mi?" Alibeba begi lake. "Leo njo umeanza kuniuliza?"

Jumamosi saa tatu asubuhi niliitwa.

Walikuwa wamekaa uani. Tata Mukalay alikuwa hajavua hata buti za kazi. Kando yake Tata Samy, mdogo wake, ndiye msemaji wa ukoo. Charlotte alikaa kwenye mkeka, ananitazama miguu. Mama Laurentine alikuwa mbali kidogo, ameinamia mbabula, amenipa mgongo, kitambaa kimeshuka mpaka machoni.

Na katikati ya ua, juu ya kiti kitupu, walikuwa wameweka vitenge vyangu viwili na taa yangu ya sola.

Mnaelewa maana yake. Nikivibeba vile, nimetoka na posa yangu, imekwisha.

"Mbabula," sauti ndogo ikasema, "uambie mugeni akae."

Niliishukuru mbabula, nikakaa.

Tata Samy alikohoa. "Kijana. Bibi ya kaka yangu unamjulia wapi?"

"Simjui, tata. Sijamuangalia ata uso."

"Lakini umeshinda naye kochi."

"Ni makosa ya Facebook, tata. Nilikuwa najua naandikia Charlotte."

Nilieleza kisima, nikaeleza Facebook ya mama, nikaeleza Philippe na bango lake. Ya Tenke, na nani alikuwa ananijibu, sikuyagusa. Tata Samy alikuwa anatikisa kichwa, na nikaona mdomo wake unapigana na kicheko.

"Kaka," akasema, "mi naona ni ujinga, si ubaya. Aibu ya bukwe tunajua inaondoka na nini. Atoe mbuzi na kuku mweupe, bango ishuke, tuendelee."

"Nitatoa, tata! Hata mbuzi mbili!"

"Mbuzi haina haraka," akasema Tata Mukalay.

Ilikuwa mara ya kwanza anafungua mdomo. Alitoa simu yake mfukoni, akavaa miwani, akasoma polepole kama mtu anayesoma karatasi ya mahakama. "Mapenzi yamenifundisha kumuuliza siku yake ilipita namna gani, na kungoja jibu." Akavua miwani.

"Nani alikufundisha hii?"

"Nilitunga mimi mwenyewe, tata."

"Weye? Mwenye kushinda chakula cha imbwa?"

Nikatazama buti zake. Huko kwenye mbabula kijiko kilikuwa kimeacha kugonga sufuria.

"Ni mi, baba," Charlotte akasema.

Wote tukamgeukia. Alikuwa ameinua kichwa, sauti haitetemeki. "Ni mi nilimuandikia ile. Ku simu ya mama."

Alikuwa anamdanganya baba yake mchana kweupe, kwa ajili ya mama yake. Nilimpenda sana saa ile. Nasema bila haya, sijawahi kumpenda vile hata siku moja kabla yake.

Tata Mukalay alitikisa kichwa mara mbili. "Muzuri sana. Kama ni mutoto wangu aliandika, hakuna kitu ya kuficha. Guelord, toa simu. Soma na sauti, toka ya kwanza. Nikisikia ni Charlotte, unaleta mbuzi, unaoa. Usiposoma," akanionyesha kile kiti, "chukua bintu byako."

Wasomaji, tulikuwa tumejifunga sisi wenyewe kwa uongo wetu.

Niliitoa simu. Ikalia mkononi mwangu palepale. Simu yangu ina ubovu wake: ukipigiwa, inajishika yenyewe na inapaza sauti kwa wote.

"Couple ya moto!" Philippe akapiga kelele mle uani. "Muko wapi? Kochi imefika! Muvae rangi moja!"

Nilikata simu. Tata Samy alifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Alicheka peke yake.

"Soma," Tata Mukalay akasema.

Nikaangalia ule mstari mrefu wa miezi miwili. Maharagwe. Paa. Goti. Ni miaka hakuna mutu ananiuliza. Mtu aliyeishi na mwanamke miaka ishirini na sita angeijua sauti ile kabla ya ujumbe wa tatu. Naungama tena: kidole changu kilikuwa juu ya kufuta. Kubonyeza mara moja tu, yote yapotee, niseme simu imekufa.

Sikuweza. Si kwa wema wangu. Ni kwamba vilikuwa vitu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kupata bure, na sikutaka kuwa mtu aliyevifuta.

Basi nikaweka simu mfukoni, nikasimama, nikaenda kwenye kile kiti.

"Guelord, apana," Charlotte akasema.

Nilichukua taa. Nikaiweka kwapani. Nikanyoosha mkono kwenye vitenge.

"Guelord."

Haikuwa sauti ya Charlotte.

Mama Laurentine alikuwa amesimama. Kitambaa alikuwa amekisukuma nyuma. Alikuwa amegeuka, ananitazama mimi machoni, si mbabula, si ukuta, mimi, na jina langu alikuwa ameshalitamka mbele ya mume wake na shemeji yake na binti yake. Tata Samy alishusha kofia. Hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Nilitaka kushusha macho kama desturi inavyotaka. Hayakushuka.

"Acha ile taa chini," akaniambia. "Toa simu. Soma yote, usiruke ata moja."

"Laurentine," Tata Mukalay akasema, akisimama.

"Mubwana, we umesema unataka kusikia." Alikausha mikono kwenye kitenge chake, taratibu, kidole kwa kidole. "Miaka ishirini na sita, leo njo mara ya kwanza unataka kujua nilikuwa nasema nini. Basi kaa."

Tata Mukalay aligeukia kiti chake. Kisha akakaa, na buti zake miguuni.

Nikaiwasha simu. Ujumbe wa kwanza kabisa ulikuwa wangu, na niliusoma mbele yao wote.

"Moyo wangu, umefika salama?"

Ua mzima ulikuwa unamtazama Mama Laurentine, nami nikapandisha kidole kwenye jibu lake.